Siku Nilipovuka na Rodwell kwenda Chisenga

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 21/3/1999

Mupendwa dada mukubwa, yaya Marlène,

Pokea salamu nyingi za mudogo wako Angèle. Kwanza uniambie, hapo Likasi mumeamka namna gani? Magoti yanakuuma bado wakati wa mvua? Na vita, munaisikia karibu ao kwa radio tu? Huku kwetu tuko wazima, Mungu asifiwe. Watu wanaendelea kuvuka ziwa na magodoro na kuku wao, na bei ya samaki imeshuka.

Mimi sijagusa pombe, mwaka wa nne sasa. Najua hilo ndilo unalotafuta kwanza kila ukifungua barua yangu.

Kile kikundi chetu cha watu walioacha pombe kimezaa vingine, sasa viko vinne hadi kisiwani Chisenga. Mwezi wa kumi na moja wenzangu walinichagua niviangalie vyote, distrikti nzima. Mushahara hakuna. Kazi ni kutembelea watu, kutuliza magomvi, kumufuata aliyeanguka tena. Na kunyamaza, yaya. Kinachosemwa ndani ya mukutano hakitoki mulangoni. Kunyamaza huko ndiko kulikotaka kuniua wiki hii.

Kuna mwenzetu anaitwa Rodwell, muendeshaji wa bwato la injini. Mwaka jana bwato lake lilipinduka karibu na Chisenga, na Towela, binti wa miaka makumi mbili na mbili aliyekuwa anapeleka samaki sokoni, akafa maji. Watu wote walisema ni upepo. Miezi mitatu baada ya musiba, Rodwell akaja kwetu kuacha kunywa. Katika mukutano mumoja akatoa kweli: siku ile alikuwa amelewa.

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Neno lile likabaki tumboni mwangu.

Jumatatu baba yake Towela akaingia kwangu. Anaitwa Watson, mwenye kambi ya wavuvi kule kisiwani, mutu mukubwa wa mwili. Hakukubali kiti.

"Mama Angèle, wewe ndiye mukubwa wao. Rodwell alisema nini kwenye mukutano?"

Nikamuambia siwezi kusema.

"Ni mutoto wangu, si wako." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nakupa mpaka Alhamisi. Na usisahau, wewe ni mugeni hapa. Karatasi zako nazijua."

Alipoondoka nilitaka kunywa. Sikufichi. Kwa jirani wanapika pombe kali, kachasu, ile lutuku ya kwetu, na harufu inapita ukuta. Nilituma watu wamuite mama Idah, muzee wa kikundi chetu. Akaja, akakaa nami bila kuuliza kitu, mpaka mwili ukatulia.

Kesho yake nikamukuta Rodwell pwani anatengeneza injini. Nikamuambia, "Watson ananiuliza. Mimi sitasema, hata akinifukuzisha. Lakini mutu yule anakufa kwa kutokujua."

Akafuta mikono na kitambaa. Akaifuta tena, na ilikuwa safi. "Ataniua," akasema.

Nikaketi kando ya injini. Akaniuliza kama nitaenda naye kwa Watson, nikaitika, na injini ilipowaka tukavuka.

Unajua ninavyoogopa maji. Siku hiyo maji yalikuwa kitu kidogo mbele ya Watson. Njia nzima niliomba injini izime.

Watson alikuwa kwenye muchanga anaziba nyufa za bwato. Rodwell akavua kofia, akasimama mbele yake.

"Nilikuwa nimelewa," akasema. "Upepo ulikuwa mudogo. Ni mimi."

Watson akainua kasia. Akamupiga begani, nikasikia mufupa ukivunjika. Rodwell akaanguka magoti, wala hakujikinga. Kasia likapanda tena. Hapo nikajikuta niko katikati yao, mimi ninayekimbia hata mbuzi! Mukojo ulinitoka, nakuambia wewe tu.

Watson akanitazama sana. Kisha akanyoosha shingo juu ya kichwa changu, akamuuliza Rodwell, "Mutoto wangu aliniita?"

"Alikuita. Alisema 'Tata', mara mbili. Nilimushika mukono, ukaniponyoka."

Kasia likaanguka. Watson akaketi chini na kulia kwa sauti, mpaka watu wote wa kambi wakaja, na Rodwell akayarudia yale mbele yao.

Sasa Rodwell yuko hospitali. Ndiye aliyeniruhusu nikuandikie haya, maana amekwisha kuyasema mbele ya kisiwa kizima. Akipona anataka kwenda polisi mwenyewe, nami nimeahidi kumusindikiza. Watson hajaleta neno. Kama atasamehe, ao atanipeleka kwa watu wa uhamiaji, sijui. Gari likisimama nje, nachungulia dirishani.

Jana mukutano ulikuwa kwangu. Nilifikiri hakuna atakayekuja tena, wakidhani siri zao zitatoka, lakini walikuja kumi na mumoja. Nilipotaka kuwafungulia mukutano, maneno yote niliyotayarisha yakapotea. Nikasema tu, "Naitwa Angèle. Ninaogopa. Leo sijakunywa." Wakaniitikia wote, na mama Idah akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa.

Unisalimie shemeji Didier, mama mudogo Fidélie na watoto wote. Uniombee. Mungu aizuie vita mbali na nyumba yenu, na magoti yako ayape nguvu.

Ni mimi mudogo wako, anayekupenda hata katika hofu,
Angèle