Siku Uliponifuata Machimboni

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Masumbwe, mwaka wa tatu tangu tukuzike, na moyo wangu umetulia. Nataka tuikumbuke siku uliponifuata machimboni Geita.

Ulikuwa umenifukuza nyumbani kwetu Shinyanga, mwaka uleule tulipohamia kijiji cha Ujamaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakunywa gongo tangu asubuhi, na siku hiyo nilimsukuma mama akaanguka. Nikaenda kuchimba dhahabu. Huko nikanywa zaidi.

Siku moja nikainua macho, nikakuona umesimama kando ya shimo letu, viatu mkononi, miguu imevimba kwa kutembea. Nilijua umekuja kunipiga.

"Shikamoo baba," nikasema huku nayumba.

"Marahaba." Ukakaa juu ya kifusi, wenzangu wote wanasikia. "Nilikosea kukufukuza, mwanangu. Twende nyumbani."

Sikuwahi kumsikia mzee wa kwetu akimwomba mwanawe radhi mbele za watu. Nikapanda basi pamoja nawe.

Nyumbani ulitukalisha wote uani, ukataka kila mmoja aseme lake. Mama akasema ananipenda lakini ananiogopa. Mdogo wangu wa kike, Kabula, aliyekuwa hanisemeshi tena, akasema, "Nikisikia unakuja, huwa nawaficha wadogo zetu." Nililia kama mtoto. Kisha ukasema la kwako: "Na mimi kila jioni narudi kutoka kilabuni nimelewa. Huyu alijifunzia wapi? Kuanzia leo sinywi."

Siku za mwanzo za kuacha pombe nilitetemeka na kutapika. Ulinipeleka zahanati, na tuliporudi mkashika zamu kando yangu: mama na uji wake, Kabula na umbea wa kijiji kizima. Wazee wenzako walikucheka ulipopita kilabuni bila kuingia. Ukawasalimia, ukaendelea na safari yako.

Msimu wa kuuza pamba nilianguka tena, nikanywa siku mbili. Nilirudi nikitarajia kuchapwa fimbo. Ukanipa jembe. "Tuliishia mstari ule," ukasema, tukaendelea kulima.

Nataka ujue kwamba nimeacha, baba. Nina mke na watoto wawili, na hakuna hata mmoja wao anayejificha nikiingia mlangoni.

Juzi alikuja jirani yangu, ambaye binti yake gongo imemlaza njiani mara kadhaa. Alitaka kujua ni hospitali gani iliyoniponya, ampeleke akamwache huko. Nikamsimulia habari zako tangu mwanzo. Akauliza, "Hata mimi nitatakiwa kusema?"

"Hata wewe, mzee mwenzangu."

Kesho asubuhi nakwenda kwao kukaa nao. Mkewe atakuwepo, na binti amekubali kuja. Jirani yangu ameomba aanze yeye kusema, na ninaamini wataweza.

Pumzika, baba. Kazi yako inaendelea.

Ni mimi, kifungua mimba wako.