Sauti ya Gasto Imetoweka Kwenye Simu

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mji mzima wa Bagamoyo unanukia udongo. Sina hamu ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu Gasto alikuwa anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa letu kule Kiwangwa. Kwaya ilirekodi albamu moja tu, na katika wimbo mmoja ubeti wa pili anauimba peke yake. Mwaka uliofuata alipata ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Msata. Hakufika hospitali.

Picha zake tunazo. Sauti yake tulikuwa nayo hiyo moja.

Miguu ilipoanza kumsumbua Mama, shamba la mananasi likamshinda, nikamleta kwangu mjini. Kila jioni baada ya chai alikuwa ananiambia, "Anna, hebu niwekee mwanangu." Nafungua programu ya muziki kwenye simu, nabonyeza, Gasto anaimba. Mama anafumba macho. Ubeti wa pili ukiisha anasema "haya", kama vile mtu ameaga akaenda zake.

Mwezi uliopita nikabonyeza, kimya. Jina la wimbo lipo, lakini limefifia, halibonyezeki. Nikadhani bando limeisha. Nikaongeza. Kimya vilevile. Nikawaandikia wenye programu, wakanijibu kwa adabu kwamba aliyeuweka wimbo ameuondoa, wao hawana la kufanya.

Nililia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Muda wote ule nalipia kila mwezi nikidhani nyimbo ni zangu. Kumbe nilikuwa mpangaji tu.

Nikamwambia Mama ukweli. Akasema, "Basi ameondoka mara ya pili."

Hakuniomba tena.

Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Nikampigia simu mwalimu wetu wa kwaya wa zamani, ambaye siku hizi anaishi kwa binti yake Lugoba. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, dada yake Gasto." Alinitambua kwa sauti tu. Akanieleza kwamba kwaya imegombana na mwenye studio, naye kwa hasira akaziondoa nyimbo zote. "Lakini CD ninayo," akasema. "Nyingine watu wamezitundika mashambani kufukuzia ndege. Hii yangu niliificha. Njoo uichukue."

Jana nilikwenda. Basi lilipita Kiwangwa, likapita na pale alipoangukia Gasto, nikageuza uso upande wa pili kama ninavyofanya siku zote. Mwalimu alinikabidhi CD kwa mikono miwili, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga. Nikamwahidi nitairudisha. Akatikisa kichwa. "Kaa nayo, mwanangu. Mimi masikio yangu yamekwisha."

Kwangu hakuna cha kuichezea. Siku hizi nani ana deki? Jirani yangu Bi Zuhura ndiye aliyenitolea redio yake ya kutia CD, ile anayosikilizia kaswida, akaifuta vumbi kwa upande wa mtandio wake kabla ya kunipa.

Leo baada ya chai nikaiweka. Ikakwaruza kidogo, kisha kwaya ikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kumwona Mama akitabasamu. Hakufumba macho. Alikuwa ananitazama mimi. Kabla ubeti wa pili haujafika, akanyoosha mkono akanishika goti.

"Zima, mwanangu."

Nikadhani hajautambua wimbo. "Mama, ni Gasto huyu. Na safari hii wimbo ni wetu, hakuna mtu wa kutuondolea."

"Najua ni Gasto. Ulipokatika ule wa kwenye simu nililia sana, wewe ukiwa kazini. Nimelia mpaka nikamaliza. Kila jioni nilikuwa namwita, Anna, sikumpa nafasi hata ya kupumzika. Sasa tumwache apumzike."

Nikazima.

Tulikaa hivyo, tukisikiliza mvua kwenye bati. Nimezunguka kote huko kumtafutia kitu ambacho tayari alikuwa amekiacha, peke yake, bila hata mimi kujua kwamba analia mchana.

Ameingia chumbani mapema. Mimi nimebaki sebuleni, redio mapajani, sauti nimeipunguza isivuke mlango. Nasikiliza ubeti wa pili. Naurudisha nyuma. Nausikiliza tena.

Nilisema namtafutia Mama. Nilikuwa najitafutia mwenyewe. Yeye amemzika mwanawe, mimi bado sijamzika mdogo wangu.

Kesho inabidi nirudishe redio ya watu.

Labda keshokutwa.