Kingamwili Isiyotafuta Kitu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Saba Saba. Watu wote wako uwanjani, Temeke. Mie maabara – na sijutii! Seli za Mwalimu Mwishehe zimewaka. Ni mstaafu wa Gongo la Mboto, alipona TB mwaka juzi, akakubali kutupa damu kwa utafiti wangu. Natafuta seli zinazoikumbuka TB. Nazipaka kingamwili yenye rangi inayozitambua, nazipitisha mbele ya leza. Zenye kumbukumbu zinang'aa. Leo zimeng'aa karibu zote. Nimempigia mama, Mbeya. Hajaelewa, ila kafurahi.

Jumanne, 8 Julai
Dkt. Tekla, msimamizi wangu, kaitazama grafu. Kasema ni nyingi mno, tusubiri isotaipu tuliyoagiza. Hiyo ni kingamwili ya aina ileile, rangi ileile, ila haina inachokitafuta kwenye seli. Nayo ikiwaka, basi rangi inanata ovyo tu. Nimenuna njia nzima mpaka nyumbani Kipawa.

Jumatano, 16 Julai
Isotaipu imefika, bado ya baridi. Nimeijaribu kwenye seli tulizohifadhi.
Imewaka. Karibu sawa na ile yangu.
Nimejifungia chooni nikalia.

Alhamisi, 17 Julai
Dkt. Tekla hakunigombeza. Seli zilizokufa zinanasa kila rangi, kasema. Tupate damu mpya, tuzibe kwanza sehemu zinazonata, ndipo tupake. Ila kumweleza Mwalimu ni kazi yangu.

Nimeenda. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi. Nikamwambia tulichokiona sicho. Nilijua atakataa sindano ya pili. Akauliza: mwanafunzi akikosa hesabu, anafukuzwa shule? Akaanza kukunja mkono wa shati palepale. Nikamwambia hapana Mwalimu, kesho, maabara. Tukacheka.

Halafu akanisimulia. Mkewe alikufa kwa TB – ilimrudia wakati kila mtu anajua kapona. Laiti kungekuwa na kipimo cha kuiona mapema, kasema. Sikulijua hilo.

Ijumaa, 18 Julai
Mwalimu kafika kabla yangu, na kanzu yake, kutoka hapa anaenda swala. Damu imetoka vizuri. Nimeziba, nimeosha, nimepaka.

Isotaipu kwanza. Giza. Sikujua giza linaweza kupendeza hivi.

Kisha tyubu yenye kingamwili yangu. Skrini tupu. Nukta moja upande wa kulia. Nyingine. Halafu kikundi – kidogo, kimejitenga peke yake.

Dkt. Tekla kavuta stuli kaketi. Kasema nisishangilie, mtu mmoja si utafiti, nimuombe mshiriki wa pili aje leo kama anaweza. Tyubu ataziandaa yeye. Yeye mwenyewe! Keshavaa glavu.

Naandika huku simu iko sikioni. Mama Eufrazia, mshiriki wetu wa Segerea. Hajapokea. Napiga tena. Inaita –