Wodi Tulimozaliwa

Ak-Terek, Kirigizistani
Februari

Mdogo wangu Anarkul,

Pokea salamu huko Urusi. Theluji ilianguka siku tisa mfululizo, na milima imekuwa kama kitu tulichokiota. Ng'ombe wako mwekundu amezaa.

Ile wodi ya uzazi ya enzi ya Wasovieti, tulimozaliwa sote, ilifungwa kiangazi. Walisema ni mageuzi: mimi mkunga nibaki kupima presha tu, wajawazito wapelekwe mjini, ng'ambo ya mlima, kwenye mashine mpya. Sikubisha. Mashine ni nzuri.

Jumanne binti yako Meerim alishikwa na uchungu, na njia ilikuwa imezikwa na theluji.

"Mama mkubwa, nitafia hapa?"

"Hapa watu huzaliwa," nikamjibu.

Nikavunja kufuli la wodi, nikawasha jiko kwa samadi kavu. Mvuke ulipotanda dirishani nilihisi marehemu mama yuko chumba cha pili, anakunja nepi. Meerim alijifungua adhuhuri. Ni msichana. Wote wazima.

Njia ilipofunguka, mkaguzi alikuja.

"Nani alikuruhusu?"

"Mtoto hakusubiri barua."

Akatabasamu kidogo, kisha akaandika. Kazi nimeachishwa.

Usilie, bibi mpya. Tangu juzi wanawake watatu wenye mimba wamepita kunisalimia. Hunywa chai, husifu mkate wangu, huondoka bila kusema kilichowaleta. Nami siwaulizi, ila tarehe zao za kujifungua nimeshazikariri.

Dada yako akupendaye,
Zuura