Marehemu Kachukua Pensheni

Temeke, Machi 1951

Shemeji Hija, huko Mbweni,

Sie wazima, na ule mpapai ulioupanda umezaa.

Kwa vile mie nimo edani, sitoki, nilimtuma mdogo wangu Mwanakombo bomani akaulize pensheni ya uaskari wa Keya ya kaka yako Mwinshehe itakuwaje sasa kafariki. Karani kamshangaa: "Mbona juzi kaja mwenyewe, katia dole gumba, kachukua?"

Tangu asikie hayo, mama yenu anampakulia Mwinshehe chakula kila jioni. Ananiambia nitoke eda, mume wangu yu hai.

Shemeji, nyie mlifanana kama shilingi kwa ya pili. Tena kaburini ulishuka wewe, ukamlaza kwa mikono yako. Basi nambie, mie nakaa eda ya nani?

Shemejiyo,
Somoe