Mashine ya Wino Uliofunikwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umekaa, ingawa nakujua, wewe ni kiguu na njia. Goti linaendeleaje? Wanetu hawajambo? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Nimeianza barua hii, nikaiacha, nikafagia karakana iliyokwisha kufagiwa, na sasa nimerudi mezani.

Mashine yetu ya kuchapa, ile uliyoiita punda, imekufa kabisa, nasi tuna vifuniko vya chupa za mafuta ya nywele vinavyongoja maandishi. Uliwahi kuniuliza tunayawekaje kwenye kifuniko chenye mgongo wa mviringo. Maandishi huchimbwa kwenye bamba la chuma, kidogo tu. Wino unapita juu, kisu kinaukwangua, unabaki ule uliojificha kwenye michimbo. Kisha inashuka pedi ya silikoni, laini kama tako la mtoto, inayaokota maandishi na kwenda kuyabandika kwenye kifuniko. Kwa ulaini wake hufuata umbo lolote, ndiyo maana mhuri wa kawaida hauiwezi kazi hii.

Basi muuzaji ana mashine mbili. Moja wino wake hukaa kwenye trei, wazi, na bamba lake ni kubwa. Ya pili wino umefungiwa ndani ya kikombe kilichopinduliwa juu ya bamba. Ukingo wa kikombe ndio kisu, na harufu haitoki sana, ila picha haiwezi kupita upana wa kikombe. Shemeji yako akapenda ile ya trei, eti siku moja tutachapa picha pana. Nikamwambia sisi tunachapa vifuniko, hatuchapi milango.

Tulipokwenda kuzijaribu alibeba rula. Rula, dada, kitu bapa ambacho hata mhuri ungekichapa. Nikatoa kifuniko mfukoni nikidhani trei itaumbuka, kumbe zote mbili zilikichapa vizuri. Nikageukia wino, nikasema ukikaa wazi huwa mzito na kila saa utaongezwa thina, ile dawa kali ya kuuyeyusha. Mdogo wake shemeji yako, ambaye ndiye mwendesha mashine wetu, akasema harufu ya thina ameshaizoea. Nikapandisha sauti. Mume wangu akauliza kama nimeahidiwa kamisheni, muuzaji akacheka, nami nikaangua kilio mbele yao. Wakasema nimechoka, nipelekwe nyumbani.

Leo asubuhi wamekwenda kuichukua ile ya trei.

Dada, hoja zangu zote zilikuwa za kweli, lakini hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Nina mimba. Muuguzi wa kliniki amenionya nikae mbali na thina, na meza yangu ya kufungasha, unaijua, imegusana na mashine. Sijamwambia mume wangu. Safari ile tulimwambia kila mtu, halafu ikabidi tuwarudie walewale kusema imetoka. Alizunguka kwa ndugu zake nyumba kwa nyumba kuwaeleza, akarudi sauti imemkauka, akakaa uani na viatu vyake miguuni mpaka nikamvua mimi. Nikasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Safari hii tumbo litajitangaza lenyewe. Ndiyo maana nimebaki kugombana juu ya vikombe na trei kama mtu asiye na akili.

Naogopa, dada. Kuliko harufu ya wino, naogopa kumpa furaha ile tena.

Nasikia lori linarudi nyuma langoni, na mume wangu anamwelekeza dereva kwa kelele, amechangamka. Nakwenda kumwambia wasiishushe, na nitamwambia kwa nini.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Hili libaki kwako, uliombee.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama