Teke la Bunduki ya Darubini

Ramisi, Ijumaa, Machi 1964

Jicho la kulia limevimba hata karatasi siioni vizuri. Kosa ni langu. Miaka yote ya uaskari wa wanyama nimetumia bunduki isiyo na darubini, nikazoea kulaza shavu kwenye kitako na kusogeza jicho mbele. Hii kubwa aliyoniachia mkubwa wangu Mzungu alipokwenda kwao ina darubini. Nyati alipotoka kwenye miwa nikalenga kwa mazoea yale yale. Bunduki ikapiga teke, ukingo wa darubini ukanipasua unyusi.

Nyati akaanguka. Wakata miwa wakamkimbilia na visu, wamuwahi kabla hajafa, nyama isije ikawa mzoga. Mimi nimekaa chini, damu inanichuruzika.

"Yu hai bado!" alipiga kelele Mzee Juma, mnyapara wao. "Haya, bismillahi!"

Siwalaumu. Nyama ya bure nani asiikimbilie? Lakini hata mmoja asigeuze shingo...

Jioni wameniletea paja zima, fungu la mpigaji. Mke wangu yuko kwao Lamu, hataki maisha ya porini. Paja la nyati kwa mtu mmoja!

Naogopa jicho lisije likafa.

Isha nimeisali kwa ishara, maana kusujudu kunafungua kidonda. Kisha nimechukua kioo cha kunyolea, nikajitazama.

"Pole, Bakari," nimesema.

Nikangoja kidogo, nikaitikia mwenyewe: "Nishapoa."